Asubuhi Thelathini na Moja za Tarehe Mosi

Bi Tochi aliingia kwenye maktaba ya mtaa saa mbili na robo asubuhi akiwa amekwisha kugombana na watu watatu, ambao wawili kati yao hata hawakuwepo. Hao wawili aliwagombeza njiani, peke yake, akitembea upesi huku mkoba wa zana ukimpiga pajani. Wa kwanza alikuwa Mratibu wa maktaba, kwa sababu ya barua yake. Wa pili alikuwa kaka yake mwenyewe, kwa sababu ya mambo yaliyoleta barua hiyo. Wa tatu alikuwa mtu wa mkokoteni aliyeziba njia, na huyo alikuwepo, tena alijibu.

Barua ilikuwa mkobani, imekunjwa mara nne. Mratibu alikuwa amempelekea nakala jana jioni kwa heshima zote, ndani ya bahasha safi. Ilisema kwamba mwangalizi wa maktaba "ameonyesha dalili za wazi za kupoteza kumbukumbu", kwamba anaharibu kompyuta kila asubuhi anapoziwasha, na kwamba kwa manufaa yake mwenyewe ni vyema apumzishwe. Saa sita mchana ingekuwa mikononi mwa kamati.

Mwangalizi huyo alikuwa kaka yake wa pekee. Watu walimwita Mzee Mita, maana kwa miaka arobaini na miwili alikuwa msoma mita za maji. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule akaingia kwenye kazi hiyo ili dada yake, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka kumi na mmoja, abaki darasani. Alizunguka mtaa kwa mtaa na kitabu chake kwapani, akipiga magoti mbele ya visanduku vya chuma, akifuta udongo kwa kidole na kuandika. Wenye nyumba walimbembeleza, wengine walimtukana, na mkubwa wake mmoja aliwahi kumwomba "akadirie" mita ya nyumbani kwake. Mzee Mita aliandika tarakimu aliyoiona, akaongeza kwamba bomba la mkubwa linavuja.

Alistaafu. Mwaka uliofuata mkewe akafa, naye akahamia chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yake, akakaa akitazama ukuta. Alikula akiambiwa kula. Hali hiyo iliendelea karibu mwaka mzima, mpaka maktaba ilipotafuta mwangalizi. Siku ya kwanza ya kazi aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akapiga pasi suruali yake mwenyewe. Bi Tochi alisimama jikoni akisikiliza mlio wa pasi ile, akalia kimyakimya juu ya birika la chai. Kwa hiyo alipoisoma barua ya Mratibu alielewa vizuri kitakachofuata. Kaka yake angerudi kwenye ule ukuta, na safari hii asingeondoka.

"Karibu, mama," Mratibu alisema. Alikuwa kijana wa shati lililonyooka na sauti laini ya mtu anayekupa pole kabla hujaumwa. "Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa. Nani kakwambia kaka yangu ana wazimu?"

"Sijasema wazimu, mama."

"Umesema kwa maneno marefu zaidi. Nionyeshe."

Mratibu alifungua droo akatoa daftari la hitilafu, lile lenye jalada jekundu. Kila kompyuta ilipogoma, mwangalizi alitakiwa kuandika namba yake, tarehe, saa na alichokiona. Mwandiko ulikuwa wa Mzee Mita, herufi zimesimama wima kama askari.

"Soma mwenyewe," Mratibu alisema. "Tarehe mosi Januari, elfu mbili na nane. Kesho yake? Tarehe mosi Januari, elfu mbili na nane. Wiki nzima, mosi Januari. Nimehesabu, ni asubuhi thelathini na moja, mama, na zote kwa mzee ni siku moja. Halafu tazama saa. Saa sita na dakika tatu usiku. Usiku! Sisi hapa tunafungua saa mbili asubuhi."

Bi Tochi alitazama. Alifunua ukurasa, akafunua mwingine. Alikuwa amejiandaa kupigana na uongo, na hapa hapakuwa na uongo. Hasira aliyomletea Mratibu ikakosa pa kutua, ikageuka kama mbwa aliyekanyagwa mkia, ikamtafuta kaka yake.

Mzee Mita alikuwa kwenye chumba cha kusomea, akifuta vumbi kwenye madirisha. Alivaa koti la kazi la rangi ya udongo, kalamu mbili mfukoni. Meza tisa zilikuwa zimepangwa kwa safu tatu, kila moja na kompyuta mpakato yake iliyobandikwa namba. Msomaji alikuwa mmoja tu, msusi kutoka kibanda cha ng'ambo ya barabara, ambaye alijiandikisha kwenye mafunzo ya mtandaoni na sasa alikuwa akigonga kibodi ya namba nne kwa kucha.

"Kaka, njoo hapa."

"Shikamoo huijui siku hizi?"

"Shikamoo. Leo ni tarehe ngapi?"

Mzee Mita aliacha kufuta. Alimtazama dada yake, kisha akautazama mlango wa ofisi uliokuwa wazi, ambako Mratibu alisimama amekunja mikono. Akaelewa. Uso wake ukajifunga kama duka.

"Unaniuliza mimi tarehe?"

"Nakuuliza."

"Mimi niliyekubeba mgongoni kukupeleka shule unaniuliza tarehe, mbele ya watu, kama mtoto wa chekechea?"

"Jibu tu, kaka! Umeandika nini kwenye hili daftari? Elfu mbili na nane! Mtu mzima, na akili zako! Unajua hii barua inasema nini?"

"Niliandika ulichoniambia niandike."

"Mimi? Mimi nilikwambia uandike upuuzi?"

"Sikujibu tena," alisema Mzee Mita, akarudi dirishani. Alikuwa hivyo tangu ujanani. Akikasirika hapigi kelele. Anafuta kitu mpaka king'ae kupita kiasi.

Msusi alijifanya hasikii, kwa namna ya mtu ambaye jioni atasimulia yote kibandani.

Bi Tochi alitupa mkoba juu ya meza. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kila akishindwa kumtengeneza mtu hugeukia mashine. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa taipureta, aliyejua ugonjwa wa kila moja kwa mlio wake. Ofisi zilipozitupa taipureta alikaa nyumbani miezi miwili akinuna, kisha akanunua kompyuta mbovu, akaifungua juu ya meza ya jikoni na kuzipanga skrubu zake ndani ya sahani. Leo alikuwa na chumba chake cha kazi, kilichobanwa kati ya mshona viatu na duka la fotokopi, na taa ndogo ya kujifunga kwenye paji la uso ambayo ndiyo iliyompa jina. Mara nyingi alisahau kuivua, akaonekana sokoni mchana kweupe akichagua viazi huku tochi inawaka.

Kompyuta hizi tisa zilikuwa fahari yake. Zilitolewa na ofisi moja iliyokuwa ikihama, zimezeeka, betri zake kubwa zimevimba na kutupwa, zinaishi kwa umeme wa ukutani tu. Kila mtu alisema ni chuma chakavu. Yeye aliziwekea mfumo mwepesi wa Linux, akaupunguza kama fundi cherehani anavyopunguza suti ya marehemu imfae mjukuu. Aliondoa mambo ya printa, akaondoa mapambo, akaondoa hata saa ya pembeni ya kioo, kwa kuwa juu ya mlango ilikuwepo saa kubwa ya ukutani. Zikawaka kwa sekunde arobaini. Watu walizipigia makofi.

Lakini kwa miezi miwili sasa tano kati ya hizo tisa zilikuwa zimemchosha. Asubuhi zinaanza kuwaka, kisha zinasimama kwenye ukurasa mweusi wenye maandishi meupe, zikidai diski ikaguliwe. Ukizilazimisha mpaka ziamke, zinakamata waifai vizuri, mistari yote imejaa, lakini tovuti nyingi hazifunguki. Kivinjari chepesi alichoweka hakikueleza kitu. Kilileta karatasi nyeupe tu, kama mtu aliyeulizwa swali akatazama pembeni. Na zile nne nyingine zilikuwa nzima, kwenye ruta ileile na mfumo uleule. Alikuwa amekuja mara kumi na moja, kila mara mchana baada ya kazi zake. Alibadilisha antena. Aliiondoa programu inayoendesha kadi ya waifai, akairudisha, akaleta nyingine ya zamani. Alihamisha ruta kutoka kabatini hadi darini. Aliwapigia simu watu wa intaneti, akawaita majina ambayo hajayatubu mpaka leo. Mwisho alifikia uamuzi kwamba kaka yake anazichomoa kompyuta zikiwa bado zinawaka, na walinuniana siku nne kwa ajili hiyo.

"Ondoka hapo, shoga," alimwambia msusi. "Imekataa?"

"Waifai imejaa mpaka inataka kumwagika, lakini ukurasa haufunguki. Nina zoezi la kutuma leo, mama. Mwalimu wetu hana utani."

"Hata mimi leo sina."

Alikaa. Alifungua dirisha jeusi la amri, akaiuliza kadi ya waifai kama ipo. Ipo. Kama imezimwa. Haijazimwa. Aliiuliza ruta kama inamsikia, nayo ilijibu kila mara bila kukosa, kwa utiifu uliomtia kichaa. Alijaribu tovuti ya gazeti la zamani, ikafunguka. Akajaribu ya mafunzo ya msusi, karatasi nyeupe. Alipiga meza kwa kiganja.

"Mashetani!"

"Meza haina kosa," Mzee Mita alisema kutoka dirishani.

"Nani kakuuliza wewe?"

Aliizima kompyuta kwa adabu zote zinazotakiwa, akachomoa plagi ukutani ili kadi ya waifai ipoe kabisa, akahesabu mpaka ishirini, akachomeka na kuwasha. Nembo ikapita. Kisha ukurasa mweusi, maandishi meupe. Akaguna. Ukurasa huo alikuwa ameuona maelfu ya mara kwenye mashine zilizokatiwa umeme vibaya, na vidole vyake vilikwisha kuanza kuandika amri ya kukagua diski, vyenyewe, kama mtu anayejikuna.

"Soma," alisema Mzee Mita.

Alikuwa amekuja nyuma yake na kitambaa mkononi.

"Kaka, niache nifanye kazi."

"Mara kumi na moja umekuja hapa, mara kumi na moja unaandika kabla hujasoma. Ningesoma mita hivyo wangenifukuza wiki ya kwanza. Soma."

"Najua inasema nini!"

"Haya, inasema nini?"

Bi Tochi alifungua kinywa amjibu. Akatazama kioo. Taa ya usoni mwake ilikuwa ikiwaka bila sababu, duara lake jeupe limeangukia katikati ya maandishi. Mashine ilikuwa ikilalamika kwamba diski hii iliandikwa mara ya mwisho katika wakati ambao bado haujafika. Na mwishoni mwa mstari iliutaja wakati ambao yenyewe iliamini ndio wa sasa: Jumanne, tarehe mosi Januari, elfu mbili na nane, saa sita na dakika tatu usiku.

Akausoma tena.

"Ulikuja mwanzoni mwa mvua," Mzee Mita alisema polepole, "ukakuta nimeandika, 'Nadhani waifai imechoka.' Ukanipigia kelele hapa hapa. Ukasema, kaka, usiniandikie unachodhani. Niandikie kilichopo kwenye kioo, neno kwa neno, tarehe kwa tarehe. Basi. Nimeandika kilichopo kwenye kioo."

"Lakini ulijua si kweli!"

"Mita haiulizwi kama ni kweli. Unaandika, halafu fundi anakuja anasoma. Nilidhani fundi anasoma."

Bi Tochi alichomoa plagi. Aliipindua kompyuta chini juu, akachukua bisibisi, akafungua skrubu nne. Ndani, pembeni, ilikaa betri ndogo ya mviringo, bapa kama kifungo cha koti. Kazi yake ni moja tu, kuikumbusha mashine saa wakati umeme haupo. Akatoa kipimo chake cha umeme na kuigusisha ncha mbili.

"Inasoma ngapi?" aliuliza, ingawa aliona.

Mzee Mita aliinama, akakunja macho. "Sufuri nukta nne."

"Inatakiwa tatu."

"Basi imekufa."

Imekufa. Na tano zile zote zitakuwa zimekufa, na nne zilizobaki zinakata roho. Lakini kwa nini sasa? Zilifanya kazi mwaka mzima. Alinyanyua kichwa, na mwanga wa tochi ukapanda ukutani hadi kwenye karatasi ya masharti iliyobandikwa juu ya soketi. Ilikuwa karatasi yake. Mwandiko ulikuwa wake, na mstari wa mwisho aliuongeza kwa kalamu nyekundu baada ya radi kuiunguza ruta ya kwanza: *Jioni, CHOMOA waya zote ukutani. Bila kukosa.*

Bila kukosa. Na huyu mtu, kati ya watu wote duniani, hakuwahi kukosa hata jioni moja. Zamani umeme wa ukutani ndio uliokuwa ukizishikia saa usiku kucha. Tangu ile kalamu nyekundu, kila asubuhi kompyuta tano ziliamka siku ileile, saa ileile, zikakuta kwenye diski zao kazi za mchana ambao kwao bado haujaingia, zikaogopa, zikasimama. Na ukizilazimisha ziendelee, zilikwenda kwenye tovuti zikiwa na tarehe ya zamani, na kila tovuti yenye cheti cha usalama ilikataa, kwa kuwa mwaka huo cheti chake kilikuwa hakijatolewa. Programu ndogo ya kuuliza saa sahihi kwenye mtandao ingeweza kuziokoa kwenye hilo. Programu hiyo alikuwa ameiondoa mwenyewe, siku ile ya kupunguza, akisema nani anahitaji saa mbili wakati ya ukutani ipo.

"Mjinga mimi," alisema. Akasema tena, kwa sauti iliyomfanya Mratibu atoke ofisini. "Mjinga wa mwisho!"

Aliifunika kompyuta, akaiwasha, akaingiza tarehe na saa kwa mkono, akajaribu tovuti ya mafunzo. Ilifunguka mara moja, kwa rangi zake zote, bila aibu yoyote kwa mateso iliyowapa. Msusi akapiga makofi, akamsukuma kwa kiuno akae yeye.

"Imepona?" Mratibu aliuliza.

"Haikuwa na ugonjwa. Mgonjwa ni mimi. Betri zimekufa, mimi sikuzibadilisha. Waya zinachomolewa kwa sababu mimi niliagiza. Kaka yangu kaandika tarehe aliyoiona kwenye kioo kwa sababu mimi nilimwamuru. Elfu mbili na nane ni ya mashine, Bwana Mratibu, si ya kichwa chake."

Mratibu alikohoa kidogo. "Nashukuru kwa maelezo, mama. Lakini barua imeshachapwa. Na mzee naye, si angetumia busara akaongeza tarehe sahihi? Kidogo tu?"

Damu ilimpanda Bi Tochi mpaka masikioni. Alilichukua daftari jekundu mikononi mwake, akalifungua, na ndipo alipoona kitu ambacho hasira ya asubuhi ilimzuia kukiona. Chini ya kila ukurasa palikuwa na mhuri na saini: *Imeonwa. Mratibu.* Na kila saini ilikuwa na tarehe sahihi ya wiki yake.

"Hii saini ya nani?"

"Ni utaratibu tu, mama. Kila Ijumaa..."

"Kila Ijumaa uliona! Mbona hukuuliza? Wiki saba umeandika umeona, na hukuona. Mimi sikusoma, wewe hukusoma. Katika jengo hili lote lililojaa vitabu, aliyesoma ni mmoja, na huyo ndiye mnayetaka kumrudisha nyumbani kwa kupoteza akili? Ipeleke hiyo barua! Ipeleke, na mimi nitaipelekea kamati hili daftari, na saini zako, zote saba!"

Mratibu alilitazama daftari kama mtu aliyekutana na picha yake ya zamani. Masikio yake yalikuwa mekundu kuliko jalada.

"Hapana haja ya kufika huko," alisema.

"Ichane."

"Nitaiweka pembeni..."

"Siyo pembeni, siyo kwenye droo. Ichane hapa, na nakala hii hapa. Yeye aone."

Mratibu aliichukua ofisini, akaichana pamoja na nakala. Aliichana vibaya, kwa mikono isiyozoea, mara mbili, mara nne, akarudi ofisini na vipande ngumini. Bi Tochi alichukua kalamu na kuandika chini ya mstari wa mwisho wa kaka yake: *Kosa ni la fundi. Alisoma mwenzake, yeye hakusoma.* Akatia saini, kisha akabandua ile karatasi ya masharti ukutani kwa kishindo, na kipande cha rangi ya ukuta kikatoka nayo.

"Kaka," alisema. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, na hasira, hata alipoielekeza kwake mwenyewe, haikuwa imeisha.

Mzee Mita naye hakumsaidia. Alikunja kitambaa chake mara tatu, akakiweka juu ya meza.

"Niulize tena," alisema.

"Nini?"

"Ulichoniuliza pale, mbele ya watu. Niulize tena, kwa sauti ileile. Yule kijana mlango wake uko wazi."

Bi Tochi alipaza sauti. "Kaka, leo ni tarehe ngapi?"

Mzee Mita alizunguka meza kwa mwendo wake wa zamani, akapiga goti moja mbele ya namba nne kama alivyopiga mbele ya mita elfu, akamwomba msusi radhi, akakunja macho.

"Alhamisi," alisoma kwa sauti iliyofika ofisini. "Tarehe ishirini na tatu, mwezi wa tano. Saa tatu na dakika hamsini na moja." Alichomoa kalamu mfukoni, akaandika kwenye daftari, tarakimu moja baada ya nyingine. Kisha akanyanyuka akishikilia meza, akaelekea safu ya nyuma bila kumtazama dada yake.

"Namba saba bado iko elfu mbili na nane," alisema. "Njoo na hiyo tochi yako, na safari hii usome."